Nyumba Yenye Jina la Kindu



Katika kitabu hiki cha yubile mmekwisha kusoma habari za misioni yetu: kazi ya mapadri na masista, taabu ya makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kijiji mpaka kijiji, ubatizo, ndoa na masomo. Ni haki tuhesabu neema hizo zote na kumshukuru Mungu. Lakini kitabu cha Walawi, katika sura ya 25, kinatufundisha kwamba mwaka wa yubile si mwaka wa kuhesabu mavuno tu. Ni mwaka wa kurudisha kilicho cha mwingine na wa kufungua madeni. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika kurasa hizi za historia tumeona kwamba mji wetu una deni moja la zamani. Si deni la feza. Ni deni la kukumbuka.

Mbali sana na mto Lualaba, katika mji wa Pisa huko Italia, karibu na uwanja wa ndege, iko nyumba ya kumbukumbu ya marehemu wa vita. Ni mahali patakatifu pa sala, nayo imejengwa kwa ajili ya wanajeshi wa anga 13 waliokufa hapa kwetu mwaka 1961. Juu ya nyumba hiyo limewekwa jina la mji wetu: Kindu. Tena, katika miji mingi ya Italia ziko njia zinazoitwa kwa jina la marehemu wa Kindu. Mtoto wa kule, ambaye hajaona Kasuku wala Alunguli, husoma neno «Kindu» kwenye kibao cha njia anapokwenda masomoni, na wazazi wake humwambia kwamba ni jina la kilio.

Sisi wenyeji, tukisikia jina hilo, tunawaza bandari na stesheni ya treni, mitumbwi inayovuka asubuhi, na mchele wa Maniema. Je, ni Kindu mbili? Hapana, ni moja tu. Wao wamejenga nyumba ili wasisahau. Na sisi tumejenga nini?

Mji wa kupitia

Ili tuelewe jinsi vita vilivyofika kwetu mara nyingi, yatupasa kukumbuka jinsi mji ulivyozaliwa. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya njia za treni za Kongo ya juu na Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL. Baroni Empain wa Ubelgiji ndiye aliyekuwa kichwa chake, na kwa sababu hiyo Wabelgiji waliuita mji wetu Kindu-Port-Empain. Mashua hazikuweza kupita kwenye maporomoko, kwa hiyo watu walitandika chuma mahali ambapo mto unakataa. Njia ya Stanleyville mpaka Ponthierville, ambayo leo ni Kisangani na Ubundu, ilimalizika mwaka 1906. Njia ya Kindu mpaka Kongolo, yenye urefu wa kilometa 355, ilifunguliwa mwaka 1911. Mwaka 1915 njia ya Kabalo ilifika Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika.

Basi, Kindu ikawa mahali pa kushusha na kupakia. Kila kitu kilichotoka magharibi kwenda ziwani kwa njia ya mto kilipita mikononi mwa watu wa hapa. Na mlango unaopitisha chumvi na nguo hupitisha pia bunduki.

Vita kuu vya 1914 vilipoanza, Wajeremani walikuwa ng'ambo ya Tanganyika. Jeshi la koloni, lililoitwa Force Publique, lilivuka mpaka mwaka 1916, likapita Rwanda na Burundi, likaingia Tabora tarehe 19 Septemba ya mwaka ule. Wanahistoria husema kwamba vita vile vya Wabelgiji katika Afrika ya Mashariki vilitumia wapagazi wapata 260,000. Maniema nayo ilitoa watu wake. Walibeba risasi, mchele na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na ugonjwa, uchovu na njaa.

Tuone sasa jinsi kumbukumbu ilivyogawanywa. Jenerali Tombeur, aliyeongoza jeshi lile, alipewa na mfalme wa Ubelgiji cheo cha baroni, akaitwa Tombeur wa Tabora. Mtu mmoja alichukua jina la mji mzima akaenda nalo Ulaya. Mpagazi aliyekufa njiani hakuacha hata jina lake mwenyewe. Hatusemi hivyo kwa chuki. Tunasema ili ieleweke kwamba kukumbuka hakujitengenezi kwenyewe. Kuna mtu anayekata shauri nani aandikwe na nani asiandikwe.

Waitalia wa Saio

Wengi wetu hatujui kwamba Waitalia na Wakongomani walikwisha kukutana kwa silaha miaka 20 kabla ya msiba wa Kindu. Katika vita vya pili vya dunia, Force Publique ilipelekwa Ethiopia kupigana na jeshi la Italia. Waaskari wetu walipita Sudani, wakapigana Asosa na Gambela, wakapanda mpaka mlima wa Saio. Huko, mwanzoni mwa Julai 1941, Jenerali Pietro Gazzera alijitoa mbele ya Jenerali Gilliaert wa jeshi la Kongo. Pamoja naye walijitoa majenerali wengine, jumla yao 9, na maelfu ya waaskari.

Jambo la kukumbuka ni hili: Waitalia wa Saio walikuwa adui kweli. Walikuwa na bunduki, na walikuwa wamewaua wenzetu. Hata hivyo, siku waliposhusha silaha, walipokewa kama mateka wa vita, kwa kufuata sheria ya vita. Mkongomani aliyeshika bunduki alijua kwamba mtu aliyejitoa haguswi. Tushike neno hilo, kwa maana tutalihitaji mbele.

Tarehe 11 Novemba 1961

Tarehe 11 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Martino wa Tours, yule askari aliyelikata vazi lake kwa upanga ili amfunike maskini wakati wa baridi. Tarehe hiyo, mwaka 1918, mizinga ya vita kuu ilinyamaza kule Ulaya. Na tarehe hiyo hiyo, siku ya Jumamosi, mwaka 1961, damu ya wageni ilimwagika Kindu.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa uchungu kwa inchi yote. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa Katanga tarehe 17 Januari. Katanga ilikuwa imejitenga, na ililindwa na askari wa kukodiwa wazungu. Waaskari wa jeshi la taifa waliotoka Stanleyville walikuwa wamejaa Kindu wakielekea kusini. Walikuwa na hasira na woga pamoja, na askari mwenye hasira na woga anaona adui katika kila uso asioujua. Umoja wa Mataifa, ambao sisi tunauita ONU, ulikuwa na kikosi hapa mjini, cha waaskari waliotoka katika inchi ambayo leo ni Malesia.

Siku ile ndege mbili za mizigo za aina ya C-119, mali ya jeshi la anga la Italia, zilitua kwetu. Zilileta vitu vya lazima kwa kikosi kile cha ONU. Wanajeshi wake walikuwa 13, watu wa kikosi cha Pisa. Wakubwa wao walikuwa Meja Amedeo Parmeggiani na Kapiteni Giorgio Gonelli, na kati yao alikuwamo daktari, Luteni Francesco Paolo Remotti. Hawakuja kupigana. Walipokwisha kutua walikwenda kula chakula cha mchana pamoja na maofisa wa ONU.

Wakati huo uvumi ulikuwa umekwisha kukimbia mjini: «Hawa ni waparashuti wa Tshombe.» Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Waaskari walizingira nyumba ile ya chakula, wakawakamata wageni, wakawapiga na kuwaua. Hakuna hata mmoja kati ya wale 13 aliyerudi kwao akiwa hai.

Wazee wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona. Yule adui wa Saio, aliyeshusha silaha, aliachwa hai. Mgeni wa Kindu, aliyeketi mezani, aliuawa. Tusitafute maneno ya kulifunika jambo hilo. Kusema kwamba waaskari wale walidanganywa na uvumi ni kweli, lakini haitoshi. Uvumi hauui mtu mpaka mkono wa mtu ukubali kuutumikia.

Makaburi ya Tokolote

Baada ya siku chache habari ilienea duniani. Magazeti ya inchi za nje yaliandika kwamba maiti zilikatwa-katwa na kutupwa mtoni. Kwa miezi kadhaa watu wa mbali waliamini kwamba Kindu haikuwapa marehemu hata udongo.

Lakini mwaka 1962 maiti zilipatikana Tokolote, kando ya mji. Zilikuwa zimezikwa makaburini. Maiti hajichimbii kaburi. Kuna mikono iliyochimba, na kuna mikono iliyofunika kwa udongo. Neno hili halifuti kosa la waliowaua, lakini lina uzito wake. Ukweli ulipofunuliwa, hadithi ya mto iliondoka, na heshima ya wafu pamoja na heshima ya mji wetu zilipata nafuu kwa siku moja. Hivi ndivyo ukweli unavyofanya kazi: humtetea aliyeuawa, na humtetea pia asiyeua.

Mwezi Machi 1962 marehemu walirudishwa Pisa, kwenye uwanja ule walikotoka. Hapo ndipo ilipojengwa ile nyumba tuliyoitaja mwanzoni. Mwaka 1994 serikali ya Italia iliwapa wote 13 medali ya dhahabu ya ushujaa wa kijeshi, na kila tarehe 11 Novemba watu hukutana kuwaombea. Miaka imepita zaidi ya 60, wazazi wao wamekwisha kulala, na bado sala inaendelea. Inaendelea kwa sababu iko nyumba, na nyumba huwaita watu.

Marehemu wasio na nyumba

Tungekoma hapa, mtu angetuuliza kwa haki: «Na wetu je? Mbona mnalia juu ya wageni 13 wenye medali za dhahabu, nanyi mnawaacha maelfu ya wenyeji wasio na hata msalaba wa miti?» Swali hilo ni la kweli, nasi hatutaki kulikwepa.

Tarehe 1 Januari 1962, wiki saba tu baada ya msiba wa Kindu, wamisionari 20 wa shirika la Roho Mtakatifu waliuawa na waaskari kule Kongolo, kwenye mwisho wa njia ile ile ya treni inayoanzia kwetu. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliuteka mji wetu mwezi Julai. Makarani, walimu na watu wengine waliosoma walitafutwa na kuuawa, kana kwamba kujua kuandika ni zambi. Tarehe 5 Novemba jeshi la serikali liliingia Kindu pamoja na askari wa kukodiwa, na watu wengine wakafa, safari hii kwa kushitakiwa kwamba walikuwa upande wa Simba. Familia moja iliweza kumzika mwana mmoja mwezi Agosti na mwingine mwezi Novemba, kila mmoja kwa sababu iliyo kinyume cha ile ya ndugu yake.

Ndipo vikaja vita vya mwisho wa karne. Tarehe 10 Oktoba 1998 ndege ya abiria aina ya Boeing 727 iliruka kutoka uwanja wetu, ikapigwa kombora na kuanguka msituni. Watu 41 walikufa. Waliopiga walidai kwamba ilikuwa na shuguli ya kijeshi, kampuni ya ndege ikajibu kwamba walikuwamo raia, wengi wao wanawake na watoto. Siku mbili baadaye mji ulianguka mikononi mwa waasi. Tazameni, ndugu, jinsi mambo yanavyorudi: miaka 37 baada ya wale Waitalia, uwanja ule ule, ndege tena, na neno lile lile kwamba «hao ni waaskari wa adui».

Hii ndiyo sababu hatuwezi kutenga marehemu wa wageni na marehemu wa wenyeji. Kifo chao kimetoka katika chemchemi moja: mtu anamtazama mwenzake, anampa jina la adui, na jina hilo linatosha kuwa hukumu. Anayesahau wale 13 hatawakumbuka vema wale 41. Na anayewaheshimu wageni bila kuwaandika wapagazi na walimu wa kwetu, huyo naye anarudia kosa la zamani, la kumpa jenerali jina la mji na kumnyima mpagazi jina lake.

Sanamu au nyumba?

Mataifa yana desturi mbalimbali za kukumbuka marehemu wa vita. Kule Dar es Salaam, tangu mwaka 1927, imesimama sanamu ya askari wa shaba mwenye bunduki, kwa heshima ya Waafrika waliotumika katika vita vya 1914. Ni kazi nzuri. Lakini sanamu husimama njia panda, na watu hupita pembeni yake wakienda sokoni. Mwishoni inakuwa jina la kituo tu. Kule Unguja walifuata njia nyingine. Mwaka 1925 walifungua jengo jeupe lenye kuba, Beit el Amani, maana yake nyumba ya amani, likawa makumbusho. Walitaka ukumbusho wa vita uwe mahali ambapo watu wanaingia, wanatazama na kujifunza.

Sisi tunaona kwamba nyumba inashinda sanamu. Nyumba yataka kufagiliwa, yataka paa litengenezwe, yataka mtu anayeshika ufunguo. Kwa kazi hizo ndogo kumbukumbu inapita kutoka mzee mpaka kijana bila hotuba.

Na nyumba hiyo hatuna haja ya kuiomba ng'ambo, maana tunayo tayari. Ni jumba la mikutano la parokia yetu, tunaloliita kwa kawaida «sale ya parokia». Humo kwaya hujifunza nyimbo. Humo vijana hucheza tamsilia, na mabibi arusi hupokelewa kwa vigelegele. Humo pia, mvua ikinyesha, watu wa matanga huketi usiku kucha. Furaha na kilio vimekwisha kuzoeana chini ya paa moja. Ukuta wake mmoja ungali mtupu.

Kwa hiyo, katika mwaka huu wa yubile, tunaleta mbele ya wakristu wote shauri lifuatalo.

Kwanza, ukuta ule uwe ukuta wa marehemu wa vita. Yaandikwe majina ya Waitalia 13, ambayo yanajulikana yote. Pamoja nao yaandikwe majina ya watu wetu wa mwaka 1964, wa mwaka 1998 na wa miaka mingine, kadiri familia zitakavyoyaleta, bila kuuliza marehemu alikuwa wa dini gani, wa kabila gani, wala wa upande gani. Kwa wapagazi wa mwaka 1916 iachwe nafasi wazi yenye mstari mmoja tu unaowataja wote pamoja.

Pili, kiwepo kitabu mezani, ambamo wazee wataandikisha walichokiona wenyewe, siyo walichosikia. Tumekwisha kuona uvumi ulivyotuua; tusiuandike tena kama historia.

Tatu, kila tarehe 11 Novemba, katika Misa ya Mtakatifu Martino, wasomewe majina hayo, na jioni sale ifunguliwe kwa watu wote, Wakatoliki na Waprotestanti, Waislamu na Wakimbangu. Yule mtakatifu hakumwuliza maskini barua ya ubatizo kabla ya kukata vazi lake.

Wako watakaosema kwamba tunafukua aibu. Tunawajibu kwa upole: aibu iliyofichwa inabaki aibu, nayo wageni wataisimulia kwa namna wanayotaka, kama walivyosimulia habari ya mto. Aibu iliyoungamwa inakuwa mafundisho. Kanisa halijui dawa nyingine kuliko hiyo.

Wengine watasema kwamba feza ni kidogo. Ni kweli. Lakini rangi ya ukuta, ubao na kalamu havitashinda nguvu za parokia ambayo imejenga yote mliyosoma katika kitabu hiki.

Siku moja huenda mjukuu wa mmoja wa wale 13 atatua Kindu. Ataomba kuonyeshwa Tokolote, nasi tutamwonyesha. Ndipo atauliza, kama kila mgeni anavyouliza, ni wapi mji unawakumbuka wafu wake. Tungependa siku hiyo tuweze kumkaribisha ndani, tumpe kiti na maji ya kunywa, aketi chini ya jina la babu yake na majina ya babu zetu, na ale nasi chakula cha mchana kwa amani.